Samaki wa Mahenge, Mjusi wa Tendaguru na Walinzi wa Mgori

Mhadhara kwa wanakijiji, walimu na wanafunzi wa Mgori, mkoa wa Singida



Nimeombwa nizungumze juu ya dinosaria, na hasa juu ya namna mtu anavyoweza kwenda kuwaona mahali walipokutwa. Vijana wa sekondari wameziona kwenye simu picha za jangwa lenye vilima vyenye mistari ya rangi, watu wamepiga magoti wakipangusa mfupa mrefu kuliko wao, nao wanauliza kama hapa Tanzania pako mahali kama pale. Ni swali la haki. Jibu lake nalitanguliza ili tusipoteane njiani: mifupa tunayo, tena ya kuishangaza dunia. Ardhi yenyewe tunayo pia. Tulichokosa ni watu waliokabidhiwa mahali hapo, wanaopalinda na kumpokea mgeni anapofika. Nami nimeona jambo hili lisemwe Mgori kwa sababu kazi ya namna hiyo ninyi mmeshaifanya, juu ya msitu wenu, wakati wengi walikuwa wakisema haiwezekani.

Tuanze na mawe yetu. Kila atokaye hapa kwenda mjini anayaona majabali ya itale yaliyosimama moja juu ya jingine, mengine makubwa kuliko nyumba. Mwamba huo una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Uliganda kutokana na mawe yaliyoyeyuka chini sana ardhini, zama ambazo duniani hapakuwa na mnyama yeyote mwenye mfupa. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia mfupa akidai kautoa ndani ya jabali la Singida. Kisukuku hakizaliwi humo. Kinahitaji tope au mchanga unaomfunika mnyama upesi, kabla fisi na mvua hawajamsambaza. Kisha kinahitaji miaka mingi mno ya maji yenye madini kupenya ndani ya mfupa na kuuachia madini hayo, chembe kwa chembe. Mwisho kinahitaji mmomonyoko wa kutosha kukifichua, lakini usiwe mkali wa kukisaga.

Ndiyo sababu majangwa yana sifa hii. Jangwani mifupa haikuwa mingi kuliko kwingine. Huko hakuna majani ya kuuficha mwamba, na kila mvua ya ghafla inachuna tabaka jingine. Wanyama wenyewe mara nyingi waliishi penye mito, misitu na vinamasi, na ukame ukaja mamilioni ya miaka baadaye. Mgeni asiyeambiwa hili anaondoka akidhani dinosaria walikuwa wanyama wa jangwani.

Je, Singida imekosa kabisa? Hapana. Nendeni magharibi ya mji, upande wa Mahenge. Nasema Mahenge ya huku kwetu, si ile ya Ulanga. Yapata miaka milioni 46 iliyopita, mwamba wa kimbalaiti, wa jamii ya ule unaobeba almasi kule Mwadui, ulipanda kutoka vilindini ukaipasua itale na kulipuka juu ya ardhi. Mlipuko ukaacha shimo la duara, shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo lenye kina kirefu. Hapakuwa na mto mkubwa wa kulichafua. Tope laini sana lilishuka taratibu, na chini kabisa oksijeni ilikuwa haba, hivyo hapakuwa na viumbe wengi wa kula mizoga. Samaki akifa alizama, akalala ubavu, akafunikwa akiwa mzima na miba yake yote.

Miaka mingi baadaye watafuta almasi walikuja wakachimba mashimo ya upimaji. Kilichotoka humo kilikuwa mwamba wa matabaka membamba unaofunguka kama kurasa za kitabu, na katikati ya kurasa, samaki. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki wa London, Humphry Greenwood, alimtangaza mmoja wao kwa jina la *Palaeodenticeps tanganikae*. Ni samaki mdogo ambaye ndugu yake pekee aliye hai leo anaogelea kwenye mito ya Benin, Nigeria na Kamerun. Mwaka 1967, Greenwood pamoja na Colin Patterson walimtangaza mwingine, na jina la jamii yake likawa *Singida*. Ndiyo, kwenye vitabu vya elimu ya samaki duniani kuna samaki anayeitwa *Singida jacksonoides*, na sijakutana na kitabu chetu cha shule ya msingi kinachomtaja.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Marekani, Kanada na Argentina walirudi Mahenge. Waliyoyapata yanatosha kujaza makumbusho. Walipata samaki wa jamii ya sato, perege na furu, na mwaka 2000 mtaalamu Alison Murray aliwapa jina la *Mahengechromis*, spishi tano. Hawa ni miongoni mwa wa kale kabisa wa jamii hiyo kupatikana popote. Mama anayenunua sato sokoni leo anabeba jamaa wa samaki aliyeogelea kwenye ziwa la Singida kabla Ziwa Viktoria halijakuwapo, kabla hata Bonde la Ufa halijapasuka. Na spishi tano za jamaa moja ndani ya ziwa dogo kama lile zinadokeza kwamba tabia ya samaki hawa ya kugawanyika haraka kuwa aina nyingi, ambayo furu wa Ziwa Viktoria wameifanya kwa namna ya kutisha, ni ya zamani sana.

Yupo chura, *Singidella latecostata*, aliyetangazwa mwaka 2005, wa ukoo wa vyura wanaoishi majini maisha yao yote, ambao jamaa zao wako Kongo hadi leo. Yupo popo, *Tanzanycteris mannardi*, aliyetangazwa mwaka 2003 na kupewa jina la Mannard, mjiolojia aliyechunguza miamba hiyo ya Singida. Huyu popo ananivutia kuliko wote. Sehemu ya ndani ya sikio lake, ile iliyojiviringa, ni kubwa, na ukubwa huo ni alama ya popo anayewinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Kusini mwa Sahara mabaki ya mamalia wa umri ule ni adimu mno, naye yuko miongoni mwa ya kale kabisa. Aliruka usiku juu ya maji yale akikamata wadudu, akaanguka, na tope la Singida likamhifadhia hata sikio.

Nimechelewesha majani, na ndiyo yanayowahusu ninyi moja kwa moja. Wataalamu Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen waliyachunguza majani na maganda ya mbegu ya Mahenge. Wakakuta miti ya jamii ya kunde kwa wingi, na mmojawapo wakauita *Aphanocalyx singidaensis*. Kwa kupima ukubwa na umbo la majani, walikadiria kwamba mvua ya wakati ule ilikuwa ya nchi kavukavu, haiko mbali na hii tunayoipata Singida leo, na kwamba kando ya ziwa palikuwa na miti iliyoachana nafasi, si msitu mnene wa mvua. Sasa fikirini. Sehemu kubwa ya dunia wakati ule ilikuwa na joto na unyevu zaidi kuliko leo, na ingetarajiwa Afrika ya kitropiki yote iwe imefunikwa na misitu mizito. Singida inasema hapana, huku kulikuwa na miti ya nchi kavu tangu zamani hizo. Msitu wa Mgori ni wa miombo, na miombo ni miti ya jamii hiyo hiyo ya kunde. Anayetembea ndani ya msitu wenu mwezi wa Oktoba, majani mapya mekundu yanapochipua kabla ya mvua, anatembea kati ya ndugu wa mbali wa majani yaliyolala Mahenge.

Lakini dinosaria wakubwa hawamo Mahenge. Walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, miaka milioni 20 kabla ziwa la Mahenge halijatokea. Kuwaona hao inatubidi twende Lindi.

Kilima cha Tendaguru kiko yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Miaka milioni 150 iliyopita pwani ya bahari ilikuwa hapo. Palikuwa na ghuba tulivu, mafungu ya mchanga, maji yanayojaa na kupwa, na nyuma yake nchi kavu yenye misitu. Matabaka ya mwamba yanapokezana: tabaka lenye mifupa ya dinosaria, juu yake tabaka la mchanga wenye kombe za baharini, kisha dinosaria tena. Bahari ilikuwa inaingia na kutoka. Wanyama waliokufa, wengine wakikwama kwenye tope, walizikwa na mchanga wa maji kupwa na kujaa.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini kutoka Ujerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na kilima hicho. Mwaka uliofuata profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart alikuja kuhakikisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimu wa mwisho chini ya Hans Reck. Vitabu vingi huishia kwenye majina hayo.

Mimi naomba tukae kidogo kwenye miaka yenyewe. Mwaka 1905 hadi 1907 ni vita ya Maji Maji. Kusini yote ilipigwa, mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa ndani ya vita hiyo. Miaka miwili tu baadaye, katika nchi hiyo hiyo, wanaume wanaandikishwa kuchimba mifupa kwa ujira wa mkoloni. Kufikia 1911 waliokuwa kazini walikaribia 500, na wengi walikuja na wake zao na watoto, wakajenga vibanda kukizunguka kilima. Wao ndio walioshika majembe na sururu, wakafuata mfupa ndani ya ardhi bila kuuvunja, wakaufunga kwa udongo, wakausukia matenga ya mianzi. Kisha wapagazi wakaibeba mizigo hiyo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Iliyosafirishwa kwenda Ujerumani ni zaidi ya tani 200.

Nyapara wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa fundi. Alijua kuuona mfupa pale ambapo jicho jingine linaona jiwe, na alijua kuusafisha na kuutayarisha. Mohammadi Keranje naye alisimamia machimbo. Ilichukua karibu miaka mia moja kwa elimu kuwakumbuka: mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa *Australodocus bohetii*, na mwaka 2019 mwingine akaitwa *Wamweracaudia keranjei*, kwa heshima ya Wamwera na ya Keranje. Wanafunzi, yaandikeni majina hayo mawili ya watu. Kila anayemtaja Janensch amtaje na Boheti.

Katika shehena ile alikuwamo mnyama ambaye Janensch alimtangaza mwaka 1914 kwa jina la *Brachiosaurus brancai*, na leo wataalamu wanamwita *Giraffatitan*. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu, shingo imesimama. Ndiye ambaye Watanzania tunamwita mjusi wa Tendaguru. Alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kwa mifupa iliyokusanywa kutoka kwa zaidi ya mnyama mmoja, na urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa ndani ya jengo kilicho kirefu kuliko hicho duniani. Kando yake wako Watanzania wengine: *Kentrosaurus* mwenye miiba mgongoni hadi mkiani, *Dicraeosaurus*, na *Elaphrosaurus* aliyekuwa mwepesi wa mbio. Waingereza nao walipoitwaa Tanganyika walichimba Tendaguru kutoka 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifariki kwa malaria mwaka 1925, na msaidizi wake mwanzoni alikuwa kijana Louis Leakey. Mifupa hiyo ilikwenda London.

Kwa hiyo Mtanzania anayetaka kumwona mjusi wake anaomba viza. Anayekwenda Tendaguru yenyewe, akisubiri kiangazi ili barabara ipitike, akipita vijiji vya Mipingo na kuuliza njia, anafika kwenye kilima cha kawaida kilichoshikwa na nyasi ndefu na vichaka. Mashimo ya wachimbaji yamejifukia. Pasipo mwenyeji wa kumwonyesha, atasimama juu ya sehemu mojawapo maarufu kabisa duniani katika elimu ya viumbe wa kale asijue pa kutazama. Mwenyeji akiwapo, hali ni nyingine kabisa: atamwonyesha kipande cha mfupa kwenye korongo, atamwonyesha kombe za baharini zilizogandana katika mwamba, kilomita nyingi kutoka baharini, na atamweleza mahali walipolala wapagazi.

Mjadala wa kumrudisha mjusi huyu umefika bungeni mara kadhaa. Mwaka 2018, Waziri wa Mambo ya Nje wakati ule, Dkt. Augustine Mahiga, alieleza mbele ya mwenzake wa Ujerumani kwamba serikali haitadai arudishwe, ila inataka ushirikiano katika uchimbaji na utafiti. Mimi msimamo wangu nausema wazi. Kilichochukuliwa chini ya utawala wa kikoloni, katika nchi iliyokuwa imetoka kuteketezwa, kina deni juu yake, na deni hilo halifutwi kwa kuwa mifupa imetunzwa vizuri. Mongolia ilidai mahakamani dinosaria aliyepigwa mnada New York mwaka 2012, ikampata mwaka uliofuata. Brazili ilirudishiwa kisukuku cha *Ubirajara* na Ujerumani mwaka 2023. Inawezekana. Lakini nasema pia, kwa uchungu ule ule, kwamba hakuna Mjerumani aliyetuzuia kusafisha njia ya Tendaguru, kuweka kibao, na kumwajiri kijana wa Mipingo kuwa mwongozaji. Hilo ni letu.

Tena Tendaguru si peke yake. Kule Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, ilichukuliwa miaka ya 1930 mifupa michache ambayo mwaka 2013 ilipewa jina la *Nyasasaurus parringtoni*. Ina umri wa yapata miaka milioni 243, na huenda ndiye dinosaria wa kwanza kabisa anayejulikana, au jirani yake wa karibu sana. Kule Songwe, kando ya mto Mtuka, alipatikana mnyama mkubwa wa shingo ndefu aliyetangazwa mwaka 2019 kwa jina la Kiswahili kitupu, *Mnyamawamtuka moyowamkia*. Nchi hii ina mabaki ya zama ya mwanzo, ya kati na ya mwisho ya dinosaria. Ni nchi chache zinazoweza kusema hivyo.

Jirani zetu wa Kenya wanayo hifadhi iliyo jangwani hasa, Sibiloi, ufuoni mwa Ziwa Turkana, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya visukuku vya Koobi Fora. Kule mgeni huoneshwa mabaki yakiwa palepale yalipokutwa, yamejengewa vibanda. Sifa yake kubwa ni binadamu wa kale, kama ilivyo Olduvai kwetu. Kwa dinosaria, mfano unaonifaa uko mbali zaidi, na nauchagua kwa sababu ya historia yake.

Katika jimbo la Alberta, Kanada, mto Red Deer umelichimba bonde kavu lenye vilima vya udongo usioota kitu. Matabaka yake yana miaka kama milioni 75. Mwaka 1910, wakati watu wa Boheti wakisuka matenga Tendaguru, Barnum Brown wa makumbusho ya New York alikuwa akiteremka mto ule juu ya chelezo, akipakia mifupa. Wengine wakamfuata wakishindana. Mifupa ya Alberta ikaenda New York na kwingineko, kama ya Lindi ilivyokwenda Berlin. Wanaoishi pale wakabaki na mashimo.

Kilichofuata ndicho kilichotutenga nao. Mwaka 1955 jimbo lilitangaza sehemu hiyo kuwa hifadhi ya dinosaria. Mwaka 1979 UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia. Sheria ya jimbo ikafanya visukuku kuwa mali ya umma, na mwaka 1985 makumbusho makubwa yakafunguliwa katika mji mdogo wa Drumheller, si mji mkuu, kwenye bonde la mto huo huo. Leo sehemu kubwa ya hifadhi hairuhusiwi kuingia bila mwongozaji. Mgeni anapewa njia chache za kutembea mwenyewe, na kwingine anapelekwa. Anaona mifupa iliyoachwa ardhini kwa makusudi. Akiokota kipande anaambiwa akirudishe palepale, na anaelezwa kwa nini: mfupa ukishahamishwa bila kuandikwa ulikuwa tabaka gani, umeelekea wapi, umelala na nini, umekuwa jiwe zuri tu. Spishi zaidi ya 40 za dinosaria zimetambuliwa bondeni humo. Mvua kila mwaka inafunua mingine, na mara kwa mara wanaoiona kwanza ni watu wa kawaida wanaotembea.

Kuna atakayesema Kanada ni tajiri. Ni kweli, na makumbusho kama yale hatutajenga kesho. Lakini tazameni msingi wake, kabla ya majengo. Ni mpaka uliotangazwa, kanuni inayoeleweka, na watu wa kudumu wanaoitekeleza. Hayo matatu yalifanyika hapa Mgori.

Wazee wanakumbuka vizuri kuliko mimi. Miaka ya mwanzo ya 1990 msitu huu wa miombo, wenye ukubwa wa hekta kama 40,000, ulikuwa unaelekea kutangazwa hifadhi ya serikali. Watu walikuwa wanakata, wanachoma, wanawinda, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba kesho hautakuwa wake. Badala ya kuuzungushia askari kutoka mbali, vijiji vinavyouzunguka vilikubaliana kuugawa kwa mipaka yao, kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikaunda kamati ya msitu, kikachagua walinzi kutoka kwa vijana wake, kikatunga sheria ndogo: nani akate nini, wapi, kwa kibali cha nani, na faini ni kiasi gani. Pamoja na Duru-Haitemba kule Babati, Mgori ikawa mfano uliotajwa kila mahali palipozungumzwa misitu ya vijiji. Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, zilizoruhusu vijiji nchi nzima kumiliki na kusimamia misitu, zilipita njia ambayo ninyi mlikuwa mmeshaikanyaga. Shida hazikuisha. Uvamizi wa mashamba, mkaa na moto mnavijua. Lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba wanakijiji hawawezi kulinda kitu kikubwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la vitendo. Vijiji vinavyolizunguka eneo la Mahenge vikae na halmashauri zao na Idara ya Mambo ya Kale, waweke mpaka wa lile ziwa la kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, na kibali cha kuchimba kinatolewa na serikali. Kinachokosekana ni jicho la karibu, la mtu anayepita pale na mbuzi wake kila siku na ambaye sheria ndogo ya kijiji imempa haki ya kumuuliza mgeni mwenye nyundo: umetumwa na nani? Iundwe kamati, nayo iwe ndogo. Kila utafiti uache kijijini nakala ya picha na orodha ya vilivyochukuliwa. Nakala za plasta za samaki, chura na popo zitengenezwe, ziwekwe kwenye chumba kimoja cha shule, pamoja na mchoro mkubwa wa ziwa lile. Hilo halihitaji mabilioni. Mgeni alipe ada kijijini, apewe stakabadhi, atembezwe na kijana aliyefundishwa.

Na wageni wa kwanza wawe ninyi. Basi moja la wanafunzi kutoka Mgori hadi Mahenge, kupitia mjini, ni safari ya siku moja. Asubuhi mtembee msitu wenu mkiokota majani ya miombo yaliyoanguka, mchana myaweke kando ya picha ya jani la miaka milioni 46. Mwalimu wa baiolojia hatahitaji kusema mengi. Walimu wa Lindi wafanye vivyo hivyo na Tendaguru, wa Songwe na mto Mtuka.

Mkiwa njiani, au mkichimba kisima, au mkifyatua matofali, mkikuta jiwe lenye umbo la mfupa, la samaki au la jani, msilitoe. Lipigeni picha likiwa palepale, wekeni kando yake kitu cha kuonyesha ukubwa, lifunikeni kwa udongo, mwambieni mwenyekiti wa kijiji. Yeye amwambie afisa utamaduni wa wilaya. Mkilibeba nyumbani litakuwa zuri juu ya kabati, lakini kila swali ambalo lingeweza kujibu litakuwa limebaki shimoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, upande wangu nimefika. Najua katika ukumbi huu wamo walioandika sheria ndogo za kwanza za msitu, na waliolala porini wakiulinda. Ningeomba wao waanze kuzungumza, hasa juu ya mambo yaliyowashinda. Watu wa Mahenge watahitaji kuyajua hayo mapema: faini gani ilikuwa kubwa mno hata isilipwe, mpaka gani ulizua ugomvi na jirani, mlinzi alilipwaje mwaka wa njaa. Vijana wana kalamu, wataandika.